Hongera, Mwalimu wa Sanaa

Mtoto wa darasa la kwanza akipewa chaki huchora bila kuomba ruhusa. Miaka michache baadaye huyohuyo hufunika daftari kwa kiganja na kusema hajui kuchora. Katikati ya hapo, mara nyingi, kuna mtu mzima aliyecheka, au aliyetaka michoro yote ifanane na ule wa ubaoni. Ndiyo maana namheshimu sana mwalimu anayeinama kando ya mtoto na kuuliza tu, "Hebu nieleze, hapa umechora nini?"

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una ushahidi mkubwa wa matunda ya kazi ya mwalimu wa namna hiyo. Mwaka 1937, Kampala, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji barazani kwake; darasa hilo likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakachora walichokiona akilini. Hapo alipita Sam Ntiro wa Machame, aliyeona kilimo na maisha ya kwao Uchagani yanastahili turubai, naye akawa mwalimu hapohapo. Alipita pia Elimo Njau, aliyemchora Yesu katika mandhari ya Wakikuyu kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, na ambaye naye alifundisha watoto.

Walimu, wengi wenu hamna rangi wala brashi. Mnafundishia mkaa, udongo na maboksi, na kipindi chenu ndicho cha kwanza kuchukuliwa na hisabati mtihani unapokaribia. Bado mnabandika ukutani kazi ya kila mtoto, hata ya yule anayesita. Hongereni sana, na asanteni.