Mpita Njia Hana Hatia: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Usalama wa Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za usalama wa kompyuta zinazowafikia wafasiri wetu, ipo moja ambayo kwa kuitazama tu haina taabu. Kwa Kiingereza imeundwa kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya njia, na la pili lina maana ya kupita toka upande mmoja hadi mwingine. Mfasiri hufungua kamusi, huandika “upitaji njia”, kisha huendelea na sentensi inayofuata. Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno lakini ni potofu kwa jumla, na upotofu wake waweza kuigharimu ofisi inayoitegemea.

Tuanze na jambo lenyewe. Mafaili katika kompyuta hupangwa ndani ya saraka, na saraka moja huweza kuwa ndani ya nyingine. Maelezo ya mahali faili lilipo, saraka baada ya saraka, ndiyo yanayoitwa njia. Katika maelezo hayo, vitone viwili vikifuatwa na mkwaju vina maana ya “panda hadi saraka ya juu”. Tuseme programu imeamriwa isome mafaili ya saraka ya /srv/salt tu. Mtu akiipa jina la ../../etc/shadow, nayo ikaliunganisha jina hilo na saraka yake bila kulikagua, itapanda ngazi mbili, itatoka nje, na itasoma faili ambamo mfumo huhifadhi nywila zilizofumbwa. Kosa la programu hiyo si kupita njiani, kwa maana kila programu hupita njiani kila inapofungua faili. Kosa lake ni kwamba ilipewa mpaka nayo haikuulinda.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana zaidi katika programu zinazosimamia kompyuta nyingi kiotomatiki. Katika programu ya Salt, kompyuta moja kuu hutoa amri, na kompyuta nyingine, pengine mamia au maelfu, huzitekeleza. Tarehe 30 Aprili 2020, kampuni ya F-Secure ya Ufini ilitangaza kasoro mbili katika programu hiyo. Ya kwanza ilimwezesha mtu yeyote kutoa amri bila kuthibitishwa. Ya pili ndiyo hii tunayoizungumzia: kazi za kusoma na kuandika mafaili, zilizokusudiwa kufanyika ndani ya saraka maalumu, ziliweza kupelekwa nje ya saraka hizo. Peke yake, kasoro ya pili ilimhitaji mtumiaji aliyekwisha kukubaliwa. Ikiunganishwa na ya kwanza, mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. F-Secure ilihesabu kompyuta kuu zaidi ya 6,000 zilizofikika kutoka katika intaneti. Masahihisho yalikwisha kutolewa siku moja kabla ya tangazo. Hata hivyo, kufikia tarehe 3 Mei, seva za mradi wa LineageOS na za Ghost, programu ya kuchapishia makala, zilikuwa zimeingiliwa kwa kasoro za Salt. Msimamizi alikuwa na siku chache tu za kulisoma onyo, kulielewa na kutenda.

Mwaka huohuo, kasoro ya jamii hiyo ilitangazwa katika programu ya Ansible, katika matoleo ya 2.9 yaliyotangulia toleo la 2.9.7. Hapa hapakuwa na mtu aliyeomba kusoma faili lolote. Msimamizi aliagiza kifurushi cha nyongeza. Kifurushi kilipofunguliwa, majina ya mafaili yaliyomo hayakukaguliwa ipasavyo. Aliyekitengeneza kwa nia mbaya aliweza hivyo kuandika juu ya mafaili mengine ya mfumo. Katika mfano wa Salt, mgeni hutoka chumba alichopewa. Katika huu wa Ansible, mzigo hujipakua pasipo pake. Kinachounganisha mifano hii miwili ni mpaka uliovunjwa, wala si mwendo.

Sasa turudi kwenye lugha. Kwa Mswahili, mpita njia ni mtu asiye na hatia; tena ni mtu wa kuitikiwa salamu. Mtumishi wa serikali anayeletewa waraka wenye maneno “udhaifu wa upitaji njia” hana sababu ya kushtuka. Wako watakaopendekeza “uvinjari wa saraka”. Hilo nalo linapotosha, kwani kuvinjari ni kutazama huku na huku, na kuna kasoro nyingine kabisa ambayo seva huonyesha orodha ya mafaili kwa wageni. “Uvukaji” unakaribia, lakini mtu huvuka mto au mpaka kwa kibali chake, na hana kosa.

Sisi tunapendekeza “ukiukaji wa mpaka wa saraka”. Kitenzi “kukiuka” kimekwisha kuzoeleka katika sheria na maadili, na hakimwachi msomaji na shaka kwamba pana kosa. Pendekezo hili linakubaliana pia na orodha ya CWE, inayotunzwa na shirika la MITRE la Marekani. Jina refu la kasoro namba 22 katika orodha hiyo hulalamikia njia isiyowekewa mipaka ipasavyo ndani ya saraka iliyoruhusiwa. Mwendo hutajwa mwishoni tu, kama jina la mkato.

Tutaambiwa kwamba istilahi yetu ni ndefu, na kwamba neno “njia” limetoweka. Twakiri urefu wake. Kuhusu njia, jibu letu ni kwamba istilahi haina deni la kulipa kila neno la lugha ya asili. Deni lake ni kwa dhana na kwa msomaji.

Liko jambo moja zaidi kwa walimu. Vitabu vingi vya fani hii hushauri jina lililopokewa “lisafishwe”. Mwanafunzi akilifuata neno hilo, atadhani kwamba kufuta vitone kunatosha. Afadhali afundishwe vitendo viwili kwa mpangilio: kwanza kuinyoosha njia, yaani kuondoa mizunguko yake yote ili ijulikane inakoishia, pili kuipima kama bado imo ndani ya mpaka. Anayepima kabla ya kunyoosha hajapima kitu.

Basi mfasiri aandikapo onyo, tungependa asomeke hivi: “Programu hii ina udhaifu unaoruhusu ukiukaji wa mpaka wa saraka, mtu aweza kusoma au kuandika mafaili asiyoruhusiwa. Wekeni masahihisho leo.” Karani atakayeipokea sentensi hiyo hatahitaji kamusi, wala hatangoja kesho.