Kipande Kilichokatwa Kiende Wapi

Katika bafu nyingi za bedsita za Kitengela, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na humo humo vimebananishwa choo, sinki na shawa ya umeme. Fundi wa vigae hawezi kuliongeza bafu hilo hata inchi moja. Kazi yake ni kulielekeza jicho, na aliye hodari huianza kabla hajakoroga gundi.

Huvipanga vigae vikavu kwanza. Ukuta unaokupokea ukifungua mlango ndio hupewa vigae vizima. Vilivyokatwa hupelekwa nyuma ya mlango au chini ya sinki. Akiona pembeni kitabaki kipande chembamba kama kidole, husogeza mpango mzima nusu kigae, pande zote mbili zipate vipande vipana vinavyolingana. Asiyejali huanzia kona moja na kumalizia popote atakapofikia, na chumba kikaonekana kimepunjwa.

Kigae cha sentimita 30 kwa 60 hukilaza ili mistari ivute jicho kwa upana. Grauti huichagua ya rangi inayokaribiana na kigae, viungo vififie. Vigae vyenyewe huenda vimechomwa hapo Isinya, kwenye kiwanda cha Twyford, ndani ya kaunti hii hii ya Kajiado.

Sakafu ndiyo mtihani. Kigae kikubwa hupunguza mistari, lakini maji yanataka mteremko, sentimita moja au mbili kwa kila mita, na kigae hakipindi. Basi fundi hukikata kimshazari kutoka pembe za sehemu ya shawa hadi kwenye tundu la maji, kila upande ukashuka kivyake na mistari ikakutana bila kupishana. Mbele ya kazi hiyo naweza kusimama muda mrefu.

Kajiado ina ustadi wa nafasi ndogo tangu zamani. Wanawake wa Kimaasai, ambao ndio wajenzi wa enkaji, nyumba ya Kimaasai, huikunja njia ya kuingilia, na mgeni haioni nyumba yote kwa mara moja.



Fundi hulipwa kwa mita ya mraba. Bafu likiwa dogo, vipande vya kukata huwa vingi na malipo huwa machache, na muda ule wa kupanga vigae vikavu hauhesabiwi kabisa. Mwenye nyumba angepaswa kuulipia.