Fasili ya Kazi na Bidoni Linalovuja la Mugunga

Fasili iliyozoeleka katika ufundishaji wa fizikia kwa Kiswahili ni kwamba kazi ni zao la kani na umbali. Lugha yake ni safi. Upungufu umo katika maana. Inachukulia kwamba kani haibadiliki tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, wala hailitaji sharti hilo.

Upungufu huo hudhihirika Mugunga, magharibi ya Goma, katika barabara iendayo Sake. Ardhi ya huko ni mawe ya volkeno yanayomeza mvua. Katika kambi za wakimbizi za mwaka 1994 hadi 1996, na za wahamishwa wa ndani zilizofuata, maji yalipimwa kwa bidoni (dumu, kwa watu wa pwani).

Ichukuliwe kwamba bidoni lenye kilo 20 za maji lina tundu chini. Linapandishwa kimo cha mita 30 kwa mwendo usiobadilika, na kufika juu likiwa na kilo 10. Uzito wa bidoni tupu uachwe. Anayeshika fasili ya kawaida atatumia kani ya mwanzo, nyutoni 196, apate jouli 5,880. Au ya mwisho, nyutoni 98, apate 2,940. Majibu yote mawili ni potofu. Mwerevu atatwaa wastani na kupata 4,410. Wastani huo ungefaa kama maji yangepotea kwa kiasi kilekile katika kila mita. Tundu halivuji hivyo. Kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha kina chake, kama alivyoonyesha Torricelli katika karne ya 17. Hivyo hutoka kwa nguvu mwanzoni, kisha hulegea. Kalkulasi huikata njia vipande vidogo mno, hukokotoa kazi ya kila kipande, kisha hujumlisha yote. Ikiwa kuta za bidoni ni wima, jibu ni takriban jouli 4,326. Tofauti ya jouli 84 ni ndogo, lakini tofauti ya fikra si ndogo.

Lipo jambo zito zaidi. Mwanamke abebaye bidoni kichwani katika njia tambarare, kwa hesabu hii, hafanyi kazi yoyote dhidi ya uzito wa maji, ingawa misuli yake inateketeza nishati kila hatua. Mwanafunzi asiyeelezwa hili huona kitabu kinamdhihaki mama yake. Wala si Kiswahili pekee chenye mtego huo: Coriolis alipoliingiza neno travail katika mekanika mwaka 1829, alilitoa katika lugha ya vibarua, na ndilo anakutana nalo mwanafunzi wa sekondari wa Goma, asomaye fizikia kwa Kifaransa.

Fasili ifaayo ingesema: kazi ni jumla ya mazao ya vipande vidogo vya njia na kani ielekeayo upande wa mwendo katika kila kipande. Ni ndefu, na mwalimu wa madarasa ya chini anaweza kuiahirisha kalkulasi yenyewe. Neno “jumla” asiliahirishe.