Nembo ya Uganda Ikitazamwa kutoka Mubuku

Nembo ya taifa la Uganda, iliyowekwa mwaka 1962, husifiwa kwa uzuri wake, lakini ni nadra kusomwa kipande kwa kipande kama tusomavyo shairi. Ina ngao na mikuki miwili iliyopishana. Juu ya ngao yamo mawimbi ya ziwa, katikati jua, na chini ngoma. Ngao hiyo imeshikwa na swala wa Uganda na korongo mwenye ushungi, waliosimama juu ya kilima cha kijani kilichopambwa kwa Mto Naili, kahawa na pamba.

Mwalimu aliyeko Mubuku hana haja ya kwenda mbali kutafuta vielelezo. Swala yuko katika mbuga ya Malkia Elizabeth. Pamba imelimwa bondeni, kahawa miteremkoni mwa Rwenzori. Ikweta yenyewe hupita Kikorongo. Hata Naili ina sehemu yetu. Maji ya Mto Mubuku huteremka hadi Ziwa George, yakapita Mfereji wa Kazinga kuingia Ziwa Edward, yakafuata Semliki mpaka Ziwa Albert, na huko ndiko yanakokutana na Naili.

Kisichoonekana ni mlima uyatoao maji hayo. Tanzania imechora Kilimanjaro katika nembo yake, na Kenya imeuweka Mlima Kenya chini ya simba wake. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, ni cha tatu Afrika baada ya hiyo miwili, nacho hakikupewa hata mstari mmoja wa wino. Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1962 watu wa mlimani walitangaza Rwenzururu kuwa nchi ya peke yake, wakiukataa utawala wa Toro. Sisemi kwamba mlima ungechorwa ugomvi usingetokea. Picha haina nguvu hiyo. Lakini mchoro ulioona ziwa usione theluji ulichorwa na jicho lililokaa upande mmoja wa nchi.

Ngoma nayo hufafanuliwa kwa wepesi mno, kuwa ni ya kuchezea na kuitia watu mkutanoni. Katika lugha kadhaa za Maziwa Makuu, neno lenyewe la ngoma hubeba pia maana ya enzi. Falme zilifutwa mwaka 1967, zikaanza kurudishwa mwaka 1993, na Rwenzururu ikatambuliwa mwaka 2009. Muda wote huo ngoma haikuondoka katika ngao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo alama yenye maana nzito kuliko zote.

Yabaki maneno yaliyo chini. Tanzania imeandika Uhuru na Umoja, Kenya Harambee. Uganda imeandika kwa Kiingereza. Wanafunzi hutafsiri haraka: "Kwa Mungu na Nchi Yangu." Tafsiri hii ina kasoro mbili. "Kwa Mungu" husikika kama mahali, au kama kiapo. Yafaa "kwa ajili ya". Na Mswahili, hata akiwa peke yake, husema "nchi yetu", kama asemavyo "kwetu". Je, tuitii sarufi ya nembo au ada ya lugha? Mimi ningeandika: "Kwa Ajili ya Mungu na Nchi Yetu."