Bomba la Moto, Bomba la Baridi na Sufuria ya Ugali

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hakuna bomba la maji ya moto. Maji hupigwa kwa pampu ya kisima, hubebwa kwa vidumu na kupashwa kwa makaa. Kauma nako, pembezoni mwa Lilongwe, wengi huchota maji kwenye kioski. Swali la bomba lipi lijaze sufuria humkuta mtu akipata kazi za ndani mjini, au akihamishiwa Marekani, kwenye sinki lenye mabomba mawili.

Afungue la baridi. Sababu imo ndani ya hita. Maji huingia kwa chini, yakapata moto, yakapanda na kutoka kwa juu. Mengine hulala humo siku nzima. Chokaa na matope hutuama. Ndani kuna ufito wa magnesiamu uliowekwa makusudi uliwe badala ya chuma cha tangi, nao huyeyukia majini. Huo hautishi. Kinachotisha ni madini ya risasi: maji ya moto huing'oa kwenye maungio na koki za zamani haraka kuliko ya baridi, na kuchemsha hakuiondoi. Mvuke unapaa, risasi inabaki na kukolea.

Hoja ya akiba, kwamba maji ya moto huwahi kuchemka, si ya kipuuzi. Lilongwe, mita 1,050 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 au 97. Kufikisha lita moja hapo kutoka nyuzi 20 kunataka takriban kilojuli 320. Ukianzia 60, jiko limepunguziwa nusu ya kazi, ila nusu hiyo umeme wa hita ulishaifanya, na maji yaliyopoa bombani umeyamwaga ukingoja ya moto. Dakika umeokoa, umeme hapana.

Kambini akiba ni ya kweli, maana jua halilipiwi. Kidumu safi cha maji kilichofungwa, kikianikwa juani asubuhi, hupunguza makaa ya mchana. Kwa ugali naiunga mkono njia hiyo kabisa. Ila mtu asidhani kwamba jua limeyatibu maji. Tiba ya jua hutaka chupa angavu isiyozidi lita mbili, saa sita juani. Kidumu huzuia mionzi, na vuguvugu haliui vijidudu. Malawi ilipoteza watu zaidi ya 1,700 kwa kipindupindu cha 2022 na 2023. Ya kunywa yachemke mpaka yatokote, dakika nzima.

Katika nyumba ya zamani, hata bomba la baridi liachwe litiririke kidogo asubuhi. Maji hayo ya kwanza kinga kwa ndoo, yanafaa kudekia.