"Kama" na "-ki-": Sharti la Programu katika Kiswahili cha Kasongo na Kabambare

Mjadala wa Kiswahili na kompyuta umeelemea mno upande wa majina. Wataalamu wameshindana kwa miaka mingi juu ya "kompyuta" na "tarakilishi". Hata Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa hasa kazi ya kutafuta majina ya menyu na amri. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini anayeanza kuandika programu ya mikrokontrola hakwami kwenye jina. Hukwama kwenye sharti.

Uchukuliwe mfano wa bodi ya Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Somo la kwanza huwa ni taa ndogo ya pini namba 13: iwake, ingoje milisekunde 1000, izime. Baadaye huja swichi, na hapo ndipo sarufi inapoingia. Amri "if" huuliza mara moja, kisha programu ikaendelea na safari yake. "While" huizuia pale pale, ikirudia kazi ile ile hadi sharti likome. Kiswahili sanifu huruhusu kusema "swichi ikibonyezwa, taa iwake" kwa zote mbili, kwani -ki- hubeba sharti na wakati kwa pamoja. Utata huo, ambao ni johari ya simulizi, mashine haiuvumilii: mwanafunzi aliyeandika "while" mahali pa "if" ataona kazi nyingine zote zimesimama muda wote kidole kiko juu ya swichi, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaomweleza sababu.

Kingwana, kilichokita mizizi Kasongo na Kabambare kwa misafara ya karne ya 19, hudharauliwa mara nyingi kuwa kimepoteza viambishi. Katika usemi wa Kongo mashariki "kama" husikika sana mahali pa -ki-. Upungufu unaodaiwa ndio msaada hapa: "kama swichi imebonyezwa" ni swali la mara moja, sawa na "si" ya Kifaransa cha darasani, ambacho nacho huitenga na "tant que".

Linabaki neno la "while". "Maadamu" ni sahihi, ila lina harufu ya mahakama. Huko Kabambare "muda wote" lingeeleweka upesi zaidi.