Sindano ya Anders Zorn
Anders Zorn (1860–1920), mzaliwa wa Mora nchini Sweden, anastahili heshima kama mchoraji wa sura za watu, miongoni mwao Rais Grover Cleveland wa Marekani, lakini heshima iliyo kubwa zaidi ni ya picha zake za kuchapwa kwa bamba. Katika ufundi huo, aliofundishwa London na Msweden mwenzake Axel Haig, bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akachora juu yake kwa sindano, kisha likatiwa katika asidi, ambayo hula shaba pale tu nta ilipokwanguliwa. Mifereji inayobaki hujazwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Picha ya mwanazuoni Mfaransa Ernest Renan, ya mwaka 1892, yadhihirisha umahiri huo kikamilifu: mzee ameketi kwa uzito mezani pake, na mwili wake, badala ya kuzungushiwa mstari mzito wa mpaka, umejengwa kwa mistari ya mshazari iliyopigwa kwa kasi, ikisongamana penye giza na kuachana mwanga unapoangukia. Kasi hiyo ilihitaji ujasiri wa kweli, kwani mstari uliokwisha kuliwa na asidi haufutiki kwa urahisi.